Tahadhari kwa wahunzi na mafundi vyuma: majiliwa makuukuu ya mguu yenye nyufa zilizozibwa kwa pati na kupakwa rangi

Mafundi wenzangu, nawaandikia kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa vifaa vikuukuu vya karakana anayetangaza majiliwa ya mguu, yaani vifaa vya kubania chuma, kwa njia ya simu kutoka Dar es Salaam, akidai kwamba yametoka kwenye karakana za mashamba ya zamani ya mkonge mkoani Tanga. Mwezi uliopita alichukua kwangu shilingi 650,000 kwa jiliwa lisiloweza kubana hata kipande cha nondo. Jina lake sitaliweka hapa kwa sababu shauri liko polisi, lakini mbinu yake nitaieleza yote, kwani atakayeijua ataitambua hata muuzaji akiwa mwingine.

Kwa wasiolifahamu, jiliwa la mguu ndilo jiliwa la mhunzi hasa. Majiliwa ya kawaida ya mezani mengi ni ya kasti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kasti haivumilii nyundo: ukishinda unakunja juu yake chuma cha moto kwa kukigonga, iko siku taya litapasuka. La mguu limefuliwa, na taya lake la nyuma linateremka hadi chini kwa mguu mrefu unaokanyaga gogo au zege, hivyo kishindo cha nyundo hushukia ardhini badala ya kuishia kwenye skrubu na meza. Waingereza waliyafua kwa wingi katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la Peter Wright wa Dudley bado linasomeka kwenye baadhi yake. Mapya ni adimu sana madukani kwetu, ndiyo maana tunatafuta makuukuu, na uhitaji huo ndio anaoutumia mtu huyu.

Alinitumia picha mbili za jiliwa la inchi tano lililopakwa rangi ya kijani kibichi iliyokolea, pamoja na video fupi ya mkono ukizungusha mpini wake kwa ulaini wa kupendeza. Nilimwomba aitoe skrubu nje aipige picha, akanijibu kwamba ameshaijaza grisi mpya na kuifungua ni kuingiza vumbi. Jibu hilo lilinitosha, na hapo ndipo nilipokosea. Nilituma advansi ya shilingi 250,000 kwa simu, mzigo ukapakiwa kwenye basi, na nilipofika stendi ya Msamvu hapa Morogoro nililipa shilingi 400,000 zilizobaki kabla ya kukata uzi wa katani ulioshonea gunia, kwa kuwa konda alikuwa na haraka na muuzaji alikuwa hewani akinihimiza.

Siku ya pili nilipolifunga kwenye gogo na kubana bapa la milimita kumi, mzunguko wa mwisho wa mpini ulitoa mlio mdogo mkavu, taya la mbele likarudi nyuma lenyewe, na mpini ukawa unazunguka bure. Niliifungua skrubu nikaifuta grisi yote kwa kitambaa chenye petroli. Ndani ya bomba lenye hesi, yaani mikato ya mzunguko inayoshikana na skrubu, bomba ambalo ndilo nati ya jiliwa, hesi zilikuwa zimekwisha kabisa, na mahali pake alizungusha waya mwembamba wa kufungia nondo akaugandisha kwa gundi. Hapa lazima niseme jambo moja ili msije mkamlaumu fundi asiye na kosa: katika majiliwa mengi ya zamani hesi za bomba zilitengenezwa kweli kwa kuzungusha ufito wa chuma wa pembe nne na kuuchomelea ndani kwa shaba, kwa hiyo ukiona mzunguko uliopachikwa wenye rangi ya shaba kwenye maungio, hiyo ni kazi halali ya mhunzi wa enzi hizo. Waya wa nondo wenye gundi ni wizi.

Kisha nikaendelea kusafisha. Kuzunguka jicho, yaani tundu kubwa la taya la mbele linalopitisha skrubu, rangi ilibanduka kama ngozi ya kidonda, na chini yake kulikuwa na pati ya gari, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, nene kuliko kucha ya kidole gumba. Nilipoigonga kwa ncha ya patasi ilidondoka kipande kizima, na ufa uliobaki wazi ulimeza ukingo wa sarafu ya shilingi 200. Jicho ndilo linalobeba nguvu yote ya kubana. Laiti lingeachia huku chuma chekundu kikiwa katikati ya mataya na uso wangu ukiwa juu yake, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo nawasihi, msinunue jiliwa la mguu lililopakwa rangi upya bila kulishika kwa mikono yenu. Kutu isiwatishe, kwa sababu inaonyesha kila kitu jinsi kilivyo. Rangi mbichi na grisi iliyojazwa pomoni ndizo za kuuliziwa maswali. Nendeni na sumaku ndogo, muipitishe taratibu kuzunguka jicho na kwenye pini ya chini ambapo taya la mbele limeungwa na mguu. Mahali ambapo haivuti, au inavuta kwa unyonge, chini yake kuna pati. Palipo na chuma kitupu, pakeni mafuta ya taa, subirini dakika chache, futeni hadi pakauke, kisha sugueni unga wa chaki: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki hata kama macho yenu hayakuona kitu.

Skrubu itolewe nje, hilo lisiwe na mjadala. Majiliwa haya huwa na hesi za pembe nne, zenye migongo bapa; zikiwa zimechongoka kama meno ya msumeno zimelika, na nati yake imelika pamoja nazo. Halafu irudishwe nusu, muishike mwisho wake na kuivuta na kuisukuma bila kuizungusha. Kucheza kidogo ni kawaida ya chuma cha zamani, lakini ikitembea karibu nusu ya nafasi kati ya hesi na hesi, hamna jiliwa hapo. Mkiruhusiwa, gusisheni grainda chini kabisa ya mguu: cheche za kasti ni fupi na nyekundu iliyofifia, ilhali za chuma kilichofuliwa huruka mbali. Msilikatae kwa sababu mataya hayalingani yakifunguliwa sana, maana taya la mbele linazunguka kwenye pini na ndivyo lilivyoumbwa. Wala springi iliyopotea au kishikizo cha mezani kisicho na kabari si hoja kubwa, kwani springi hufuliwa upya kutoka kwenye springi bapa ya gari. Iwe tu sababu ya kupunguza bei.

Kuhusu kutu, jiliwa linaweza kulowekwa kwenye maji yenye magadi na kuunganishwa na chaja ya betri, jiliwa kwenye upande wa hasi na chuma chakavu kwenye upande wa chanya. Kazi hiyo ifanyike nje, kwa sababu hewa inayotoka hulipuka, na chuma cha chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, kwani huacha sumu ya kromiamu majini. Mataya msiyatie moto, maana nyuso zake ni za chuma kigumu na zikifika wekundu ugumu wake hupotea.

Ombeni pia kujua mali imetoka wapi, na mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kifaa cha karakana ya shamba au ya reli kisicho na karatasi kinaweza kukuweka matatani kwa kupatikana na mali ya wizi, na aliyekuuzia utakuwa humpati tena.

La kwangu nimeamua kulitengeneza. Ufa ulipanuliwa kwa grainda ukachomelewa pande zote mbili, na fundi wa kukereza amenitengenezea skrubu na bomba jipya, jumla shilingi 380,000, kwa hiyo jiliwa limenigharimu shilingi 1,030,000. Muuzaji hapokei simu zangu, lakini kazi yake inaendelea: picha zilezile mbili za jiliwa la kijani, lile ambalo sasa limefungwa kwenye gogo langu, alimtumia juzi mhunzi mwenzangu wa Dodoma akitaka advansi ya shilingi 250,000, na sababu aliyompa ya kutoifungua skrubu ni ileile ya vumbi.