Fundi aliyeusikiliza ukuta kabla ya kuuvunja: uzoefu wangu, Mji Mkongwe

Doa moja la maji nimelilipia mafundi watatu. Wawili wa mwanzo walikuja na nyundo na mfuko wa saruji. Wa tatu alikuja na bisibisi refu, akashinda saa mbili nyumbani kwetu bila ya kubandua hata kokoto. Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kumwandikia, mazuri yake na yale aliyonikera, maana najua nyumba nyingi za huku zina ukuta kama wetu na watu wanakaa wakiupaka rangi kila mwaka.

Nyumba yetu iko Mkunazini, aliijenga babu wa babu. Mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, kuta nene hata dirishani mtu mzima anakaa akajiegemeza. Doa lilianza chumba cha chini anacholala mama, usawa wa mto wake. Kwanza ilikuja harufu, ile ya udongo ulioroa. Rangi ikafura, ikababuka, na nyuma yake pakatoka unga mweupe. Ukiugusa kwa ulimi ni chumvi. Mama ana pumu, na usiku nilikuwa namsikia kutoka juu akikohoa.

Fundi wa kwanza alitazama kwa mlangoni tu. "Mvua hii, dada." Ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea, nikamwamini. Akakwangua, akapiga lipu ya saruji, akapaka rangi mara mbili. Pakapendeza. Haikufika miezi miwili doa likatokea tena juu ya ile lipu mpya, pana zaidi. Wa pili alivunja marumaru za bafu la juu, akakuta soketi ya paipu, kile kiungo, inavuja kidogo, akaizungushia tepu nyeupe, akafukia. Nilimwambia lakini maji yanatumika sana. Akanipeleka kwenye mita, akafunga koki inayoingiza maji kwenye tangi, tukasimama pale robo saa. Mita haikugeuka. "Unaona? Hakuna kinachovuja tena." Nikamlipa.

Hapo ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea. Kila mtu anasema funga mifereji yote, tazama mita, ikizunguka una uvujaji. Ni kweli kwa nyumba inayotumia maji ya mji moja kwa moja. Lakini sisi maji yanaingia kwenye tangi uwani, kisha pampu inayapandisha juu. Mita inajua safari ya kutoka barabarani mpaka tangini tu. Paipu ikitoboka baada ya tangi, mita itasimama kimya ukilifunga tangi, na ukilifungua itageuka kama kawaida, utadhani ni watu wanaoga sana.

Kilichonifumbua macho ni kaskazi. Mwezi wa Januari, wiki tatu hakuna hata wingu, na doa linazidi. Doa la mvua hufuata mvua, likikauka jua likiwaka. La maji machafu ya bafuni hufuata watu kuoga. Doa lisilojua msimu wala saa mara nyingi ni la paipu yenye presha. Na pampu ilikuwa ikituambia siku zote: usiku wa manane, watu wamelala, inajiwasha kama vile mtu kafungua mfereji, inanguruma kidogo, inanyamaza. Sisi tukisema pampu imechakaa. Umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, ukiisha mapema, tukalilaumu friji.

Ami yangu ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi wa tatu. Kwenye simu, kabla ya kuahidi chochote, alinipa kazi: saa nne usiku nifunge maji yanayoingia tangini, nitie alama ya chaki usawa wa maji, na asitumie mtu maji mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tuliteka ndoo za udhu mapema. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Nikalijaza tena kwa ndoo ya lita 20 mpaka kwenye alama: ndoo nne. Lita 80 kwa saa saba, watu wamelala. Piga hesabu ya siku nzima ni zaidi ya lita 270, na kwa mwezi zinapita uniti nane, maana uniti moja ni lita 1,000. Nikadhani maji yote hayo yalikuwa yakinywewa na ukuta wa chumba cha mama.

Aliniahidi Jumaatatu, akaja Alkhamis, bila ya simu. Hilo sikulipenda na nilimwambia. Lakini alipoanza kazi niliona tofauti. Alimwamkia mama, akamwuliza doa lilianza wapi, na kama anasikia sauti usiku. Mama akamwambia, "Mwanangu, nasikia kama mtu anavuta pumzi ndani ya ukuta." Mimi nilikuwa nimeshamwambia mama ni mawazo. Fundi akasema, "Bi mkubwa, umeshanimalizia nusu ya kazi."

Akaanza kufunga koki moja baada ya moja. Alipofunga ile iliyo karibu na pampu, pampu ikatulia. Kwa hivyo pampu yenyewe haina kasoro. Akafungua, akafunga ya jikoni: pampu ikaendelea kujiwasha. Akafunga inayopanda bafu la juu: kimya. Basi tatizo lilikuwa kwenye paipu hiyo moja inayopita ndani ya ukuta. Hapo akatoa lile bisibisi, ncha kwenye ukuta, mpini sikioni, akawa anapanda nalo shubiri kwa shubiri, na sisi tumezima feni na redio. Akanipa na mimi nisikilize. Chini hakukuwa na kitu. Usawa wa kifua palikuwa na sauti kama mchele unaomwagwa mbali.

Akatoboa tundu la ukubwa wa sahani, si zaidi. Ndani tukakuta paipu ya chuma imeungwa na elbo (kiungo cha kona) ya shaba, na pale kwenye uzi wa kukazia chuma kimeliwa, maji yanatoka membamba kama unywele yakipiga jiwe. Alinieleza kwamba chuma na shaba vikikutana kwenye unyevu, chuma ndicho kinacholika haraka, na chumvi ya ukuta huharakisha. Kwa hiyo hakukubali kubadilisha elbo peke yake. Aliiacha ile paipu ndani imekufa, akapitisha mpya ya PPR, plastiki ngumu, nje ya ukuta, pembeni ya ngazi, ikaungwa kwa mashine ya kuchomea. Nilipinga kwa sababu ya sura ya nyumba. Akaniambia, paipu unayoiona ikivuja utaijua siku hiyo hiyo. Nikakubali, na sijajuta.

Kabla ya kuondoka aliunga kwenye paipu mpya pampu ya mkono yenye geji, akapandisha presha mpaka baa 6, akasema tunywe chai. Nusu saa baadaye mshale ulikuwa pale pale. Fundi yeyote anayeunga paipu na asifanye hivi, mwombe afanye.

Na hakuishia hapo. Aliniomba rangi ya biriani. Nikadhani anatania. Akaitia kwenye tangi la choo cha juu, akasema mtu asilivute. Baada ya nusu saa maji ya kwenye bakuli la choo yakawa ya manjano: mpira wa chini ya tangi haukazi, maji yanapita polepole mchana na usiku bila ya sauti. Mpira mpya ni bei ndogo sana, nimebadilisha mwenyewe. Hiki ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya leo jioni.

Bei: shilingi 40,000 kwa kutafuta, 120,000 kwa kutengeneza, vifaa nilinunua mwenyewe Darajani. Ile 40,000 jirani yangu alisema ni wizi, kulipa mtu kwa kusikiliza. Wale wawili wa mwanzo walinigharimu zaidi ya hapo kwa lipu na marumaru, na mama akaendelea kukohoa.

Ya kulaumu yapo. Ukiacha kuchelewa, kifusi alikiacha kwenye ngazi, na nilimwomba mara mbili mchoro wa paipu zinapopita ndipo akauchora nyuma ya risiti. Pia hakuniambia mapema kwamba ukuta wa mawe hukauka taratibu mno. Nilitarajia wiki mbili, sasa tumo mwezi wa tatu tangu atengeneze. Lipu ya saruji tuliibandua yote. Saruji inaziba, unyevu ukikosa pa kutokea mbele unapanda juu, na ndiyo maana doa lilikuwa likihama. Chumvi tunaifagia kwa brashi kavu kila Ijumaa, kila wiki inapungua. Ukikauka kabisa tutapiga lipu ya chokaa na mchanga, kama walivyofanya waliojenga.

Kuhusu ile gundi ya kukanda inayouzwa kwa kuziba paipu: nimeitumia jikoni, ilishika siku nne. Inafaa kwa usiku mmoja mpaka fundi afike, na paipu iwe kavu wakati wa kupaka. Usiifukie ukutani.

Mama amerudi chumbani kwake, kitanda tumekisogeza upande wa dirisha. Paipu ya jikoni bado ni ya chuma, ya umri ule ule. Fundi ameahidi kuja kuibadilisha kabla ya masika kukolea, na safari hii nimemtaka anipigie simu siku moja kabla.