Cobb Accessport V3 kwa Subaru WRX: tamu, ila mafuta yasiwe ya kubahatisha
Accessport, kifaa kidogo chenye skrini cha kubadili programu ya kompyuta ya injini, unaichomeka kwenye soketi ya OBD-II (ya kuchunguzia gari) chini ya dashibodi, inahifadhi programu ya kiwandani, kisha unapakia ramani (mipangilio ya injini) ya Stage 1, hatua ya kwanza, bila kubadili kipuri chochote. Unga chaja ya betri kwanza. Umeme ukishuka katikati, kompyuta ya injini inaweza kugoma kabisa. Ramani za Marekani hutofautishwa kwa okteni (uwezo wa mafuta kuzuia injini kugonga), 91 au 93. Ukidanganya hapo injini itagonga, na pistoni za EJ255, injini ya baadhi ya WRX, hazina subira: kingo za ringi hupasuka.

Skrini ndiyo inayostahili bei yake. DAM, namba inayoonyesha kiasi ambacho kompyuta inayaamini mafuta, ibaki 1.0; ikishuka, acha kukanyaga, kagua mafuta. Stage 2, ramani ya hatua inayofuata, bila kubadili bomba la moshi la turbo? Usithubutu. Kabla ya kuuza gari, iondoe Accessport kwenye mfumo wa gari, maana hufungwa na gari moja tu kwa wakati mmoja.