Kumbi sita za harusi Dar es Salaam, na hatua za baba

Harusi yetu ilifanyika Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, wageni 300, ukumbi upo Mikocheni. Ningeambiwa nichague tena kesho, ningerudi palepale. Lakini nilibakiza siku mbili tu kuweka advansi kwenye ukumbi mwingine, na nikikumbuka hilo moyo unanidunda mpaka leo. Ndiyo maana naandika, kwa ajili ya anayezunguka sasa hivi na kamati yake.

Tulianza kuzunguka mwezi Machi, katikati ya Kwaresma. Waliowahi kukaa kwenye kamati za harusi wanajua: makanisani kwetu Kwaresma hakufungwi ndoa, kumbi zimelala, na mameneja wana muda wa kukutembeza na kukukaribisha soda. Baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, alisema huo ndio wakati wa kupata bei nzuri, na bei kweli tuliipata. Ila ukumbi wa saa nne asubuhi, sakafu imepigwa deki, viti vimevalishwa vitambaa, taa zote zimewashiwa wewe peke yako, unakuonyesha uzuri wake tu. Jasho, foleni na kelele za Jumamosi usiku huzioni.

Majina ya kumbi nayaacha, nitataja maeneo.

Wa kwanza ulikuwa Sinza. Meneja akasema unaingia watu 400. Dada yangu anafanya kazi ya mapambo, kwa hiyo hakubishana naye, aliomba tu apangiwe meza moja ya duara na viti vyake kumi. Ilipopangwa akaizunguka, akapima kwa miguu: meza, kiti kilichovutwa nyuma na mtu akikalia, njia ya mhudumu kupita na sinia. Kisha akapima ukumbi mzima, akatoa jukwaa na uwanja wa kucheza. Zikaingia meza 24, yaani watu 240. Wale 400 ni wa viti vya mkutano, vilivyopangwa mistari kama kanisani. Tangu siku hiyo swali letu la kwanza kila tulipoenda lilikuwa "meza ngapi za watu kumi?" na sio "watu wangapi?".

Kigamboni tuliona ukumbi wa ufukweni ambao hadi leo nikifumba macho nauona. Lakini wageni wetu wengi wanatoka Kimara, Tabata na Mbagala. Saa saba usiku, mtu ana watoto wamelala begani, unamwambia akapange foleni ya pantoni au azunguke na Daraja la Nyerere? Tuliuacha siku hiyohiyo. Bustani ya Mbezi Beach nayo ilituambia wazi kwamba saa nne usiku muziki unashushwa kwa sababu ya majirani, na kwetu saa nne maharusi ndio kwanza wamekaa.

Hoteli moja upande wa Ubungo ilitupa hesabu iliyomfanya mweka hazina avue miwani. Ukumbi walisema ni bure ukichukua chakula chao. Chakula chao sahani moja 45,000, kwa watu 300 ni 13,500,000. Kule chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, bei haijajumuisha VAT. Asilimia 18 ya hapo ni 2,430,000. Vinywaji lazima ununue kwao, na mpambaji wako akiingia analipiwa. Sisemi ni wezi, huduma yao ni ya juu na kila kitu kina risiti. Nasema tu usilinganishe bei ya ukumbi na bei ya ukumbi. Linganisha jumla ya mwisho, pamoja na chakula, vinywaji, mapambo na kodi, ndipo utajua upi rahisi.

Sasa Tabata. Huu ndio tulioupenda. Dari juu kabisa, jukwaa pana, taa zinabadilika rangi taratibu, na unaruhusiwa kuja na mpishi wako. 3,500,000 kwa siku. Kamati ilishapitisha, mchumba wangu alishakubali, mimi nilishamtumia picha mama. Nikasema baba naye akauone kabla hatujalipa.

Baba alipata kiharusi mwaka 2023. Mguu wa kushoto haujarudi sawasawa, anatembea na fimbo, na anatembea kwa fahari, hapendi kushikwa. Tuliposhuka kwenye gari ndipo nikaziona ngazi. Nilikuwa nimezipanda mara mbili bila kuziona, nakuapia. Zilikuwa 11, kwa sababu chini ya ukumbi kuna maduka. Baba akasimama mbele yake akazitazama, mkono juu ya fimbo.

Meneja akasema haraka, "Mzee tutampitisha nyuma, kuna mteremko."

Tukaenda nyuma. Mteremko upo, ni wa kupandishia makreti ya bia na soda. Unapita mlango wa jikoni, kuna masufuria yamepangwa ukutani, maji ya kuoshea vyombo yanatiririka juu ya saruji na kufanya utelezi wa kijani. Unatokea kwenye korido nyembamba, halafu pembeni ya spika za DJ. Hapo ndipo baba yangu angeingilia kwenye harusi ya binti yake wa kwanza, wakati wazazi wa upande wa pili wanaingia mlango mkubwa kwa muziki, wageni wamesimama wanapiga vigelegele.

Hakulalamika. Kwenye gari, tukiwa tumeshafika Buguruni, akasema, "Mama, msihangaike. Siku hiyo mimi mtanileta mapema, watu wakija watanikuta nimeshakaa."

Nilishindwa kujibu. Usiku ule nilimpigia baba mdogo nikamwambia Tabata sitaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni kaka yangu, mwanangu. Tutafute mwingine."

Ukumbi wa Mikocheni haukuwa hata kwenye orodha yetu. Kwa macho ni wa kawaida: dari fupi, nguzo mbili katikati, rangi ya ukutani imepauka. Bei 3,800,000, na 500,000 nyingine ya dhamana ya uharibifu ambayo unarudishiwa. Meza 34 za watu kumi, tulihesabu. Ila kutoka maegesho hadi meza kuu ni sakafu moja, hakuna hata kizingiti. Jukwaa lina mteremko wa mbao upande wa kulia, umewekewa zulia gumu lisiloteleza na reli ya kushika.

Meneja ni mama mmoja wa makamo. Alimsalimia baba shikamoo, akamtazama anavyotembea, akaondoka bila kusema kitu. Nikadhani ameenda kuchukua funguo. Kumbe ameenda kuchukua kiti, akakiweka katikati ya njia, pembeni kidogo, na kuendelea kuongea na baba mdogo habari za jenereta. Baba alitembea kutoka mlangoni. Alikaa kwenye kile kiti mara moja, akapumzika, akainuka mwenyewe. Nilihesabu hatua 64. Alipofika meza kuu akagonga fimbo chini na kusema, "Mama, hapa nafika."

Hata hivyo siku hiyo hatukulipa, kwa sababu ya lile somo la Kwaresma. Tuliomba ruhusa ya kuchungulia sherehe ya watu, meneja akawauliza wenyewe, wakakubali. Tukaenda Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 26 Aprili, saa tatu usiku, mvua za masika zinamwagika. Tulisimama nyuma kabisa karibu na mlango, na kwa saa moja na nusu tulijifunza mengi kuliko mwezi mzima wa Machi.

Waliokaa nyuma ya zile nguzo hawakuwaona maharusi kabisa, walikuwa wanaangalia simu. Chakula kilikuwa na mstari mmoja tu, watu wa meza za mwisho walianza kupakua DJ ameshaanza kuchezesha. Choo cha wanawake kina vyumba vinne na foleni ilitoka nje, sakafu imejaa tope la viatu. Kisha umeme ukakatika. Giza, watu "aaah", jenereta ikanguruma ndani ya dakika moja, taa zikarudi, muziki ukarudi. Viyoyozi havikurudi. Baada ya dakika kumi kila mtu anajipepea kwa kadi ya mwaliko.

Jumatatu tukarudi na karatasi. Nyuma ya nguzo hapakai mtu, hapo ndipo pa kuwekea chakula, na mistari iwe minne. Mhudumu wa usafi akae chooni usiku kucha. Viyoyozi viunganishwe kwenye jenereta, na hapo wakaomba 250,000 ya mafuta, tukakubali. Yote yakaandikwa kwenye mkataba na kusainiwa na pande zote mbili. Hili nawasisitizia sana: ahadi ya mdomo ya mwezi wa nne haitakumbukwa na mtu mwezi wa tisa.

Siku yenyewe haikukosa dosari. Maegesho yalijaa mapema, wageni kadhaa waliacha magari barabarani. Saa sita kamili wakawasha taa zote nyeupe wakati watu bado wanacheza, na saa ya nyongeza ni 300,000, tukaacha. Dhamana yetu ilirudi baada ya siku tisa, pungufu ya 40,000 za glasi zilizovunjika, na tulionyeshwa vipande.

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango na mume wangu, tunasubiri kuitwa, wazazi walipoanza kuingia. Kwa hiyo nilimwona baba kwa nyuma tu: suti ya kijivu, fimbo mkono wa kulia, mama kushoto kwake amemshika kwenye kiwiko kana kwamba yeye ndiye anayeongozwa. MC alimwambia DJ arudie wimbo. Wageni wote wamesimama. Kile kiti cha meneja kilikuwepo palepale katikati ya njia, kimevalishwa kitambaa na utepe kama viti vingine. Baba alikipita.