Klorokwini ya unga kwa jeli za DNA: nyota 4 kati ya 5

Wengi wetu klorokwini tunaijua kwa kuwasha, ile ukimeza usiku hulali unajikuna tu, na Tanzania tuliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Mi nimenunua kichupa cha gramu 25 kwa kazi ya maabara na aisee sijutii hata kidogo.

Iko hivi. Plasmidi ni DNA ya duara, na ndani ya bakteria inakua imejikunjakunja, kama kamba ukiisokota sana mpaka inajipinda yenyewe. Nilikua na pUC19, plasmidi ya kawaida ya maabara, jozi za besi (vidato vya DNA) 2,686. Jeli ni kibonge laini ambacho umeme unavuta DNA ndani yake, iliyojikunja zaidi inakimbia zaidi. Kwenye jeli ya kawaida zile zilizojikunja sana zinakimbia pamoja, unapata bendi (mstari wa DNA) moja nene, huwezi jua ipi ina mikunjo kumi ipi kumi na tano. Ukitia klorokwini inapenya katikati ya vidato vya ngazi ya DNA, inalegeza msokoto pale ilipoingia, na kwa vile duara halijakatwa basi mikunjo lazima ipungue kufidia. Ile bendi moja inaachana!! Unaona mistari, kila mmoja umepishana na mwenzake mkunjo mmoja tu, nilikaa mbele ya taa ya UV nahesabu kwa kidole.

Anza na mikrogramu 1 kwa mililita. Nilipopandisha hadi 5, zile ambazo hazikua zimejikunja sana zikalegea mpaka zikapitiliza, zikaanza kujikunja upande wa pili na kukimbia tena, kwa hiyo jeli moja haitoshi, piga mbili za vipimo tofauti. Ethidiamu bromaidi, ile rangi ya kuonyesha DNA, nayo inapenya hivyohivyo, kila molekuli inalegeza msokoto digrii 26, ila inang'ang'ania mno, ukizidisha kidogo umeharibu. Klorokwini inashika kiulaini, unaipanga utakavyo.

Na wanaoniuliza kama ndo inavyoua malaria, hapana, kule kazi kubwa ni kuzuia kimelea kisiifunge sumu inayobaki kikishakula damu.

Nyota moja nimekata kwa usumbufu. Haitaki mwanga, na duka likaniletea kwenye chupa inayopitisha mwanga, ikabidi nifunge foili. Bafa nayo (maji ya chumvi yanayozunguka jeli) lazima uitie klorokwini, sio jeli peke yake, so inaisha haraka. Halafu kabla ya kupaka rangi ya kuonyesha DNA loweka jeli kwenye maji masaa kadhaa ukibadilisha maji, klorokwini itoke, ya kwanza sikuloweka na bendi hazikuonekana vizuri kabisa, usiku mzima wa umeme ukapotea.