Kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z: breki kabla ya injini

Kama una Datsun 240Z hapa Kenya na mfuko wako unaruhusu kuboresha kitu kimoja tu, funga mbele kalipa za Toyota Hilux, yaani vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski. Nimeziendesha kwenye mvua na jua, lami na murram, na sijutii hata shilingi moja niliyozitolea.

Gari langu ni la 1972 na bado lina injini yake ya kiwandani, L24 ya silinda sita, cc 2393, kabureta mbili. Karibu kila aliyefungua boneti yake alinishauri nianze hapo hapo. Kuna waliosema nitoe kabureta hizo nifunge Weber tatu, na kuna waliosema nitafute injini ya L28, ndugu mkubwa wa L24, ambayo inaingia mahali palepale na ndiyo iliyofungwa pia kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980. Ushauri huo si mbaya. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Weber ukizipangia jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, za Nairobi kisha uteremke nazo Mombasa, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa haba, injini inapata joto kupita kiasi, na ukiikanyaga sana unaweza kutoboa pistoni. Mimi huenda pwani mara kwa mara; sitaki kubeba boksi la jeti. Nayo L28 ina shughuli ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, maana namba ya injini imeandikwa kwenye hati ya gari. Isitoshe, gari la kale likishatengana na injini yake ya asili bei yake hushuka, na mimi roho inaniuma nikifikiria tu.

Kilichoniamulia ni mteremko wa Mai Mahiu. Malori yanashuka kwa gia nzito, matatu zinapita kwenye kona, na wewe mguu hauondoki kwenye breki. Kwa breki za kiwandani, diski mbele na dramu nyuma, pedali ilikuwa inaanza kulegea katikati ya mlima, harufu ya pedi inaingia ndani, na hata kile kikanisa walichojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 hujakifikia. Nguvu za injini zingenisaidia nini pale?

Kalipa zenyewe ni za Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye pistoni nne. Tafuta maandishi S12+8 kwenye chuma chake. Kuna nyingine zinazofanana nazo sana, zimeandikwa S12W, ila hizo ni pana, za diski yenye matundu ya hewa, na zinataka diski tofauti. Duka moja liliniuzia hizo pana likiniapia kwamba ni zilezile, na kurudishiwa hela kukawa vita. Zilizo sahihi nilizipata Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan. Muuzaji alizipiga brashi ya waya mbele yangu mpaka maandishi yakaonekana, akasukuma pistoni moja moja kwa kidole gumba kunionyesha hakuna iliyokwama. "Mzee, hii ukitia sili mpya itakuzika," aliniambia, maana yake itadumu kuliko mimi.

Kufunga si kazi ngumu. Bolti zinaingia kwenye matundu yaleyale ya zamani. Ile ngao ya bati nyuma ya diski inakatwa kidogo, na kibomba kifupi cha mafuta ya breki kinatengenezwa upya. Rimu zangu za inchi 14 zilipita bila kugusa. Usikubali fundi akubakizie masta silinda (ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki) ya inchi 7/8: pistoni nne zinameza mafuta mengi zaidi, na pedali itazama mbali. Funga ya 15/16, ile ya Datsun 280ZX, na pedali inakaa juu, ngumu, inakujibu.

Hela iliyobaki iliingia chini ya gari, kwa shokomzoba nne za KYB, bushi mpya na matairi 195/70 badala ya 175. Bushi nilichagua za mpira wa kawaida. Zile za plastiki ngumu ni nzuri kwa lami ya uwanja wa mashindano, lakini kwa murram zinakurudishia kila kokoto mgongoni. Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally ya 1971 na Shekhar Mehta aliposhinda ya 1973, wote wawili wakiwa kwenye 240Z, gari lilihitaji kwanza kuvumilia barabara. Hela ambayo ningenunulia Weber tatu mpya na manifoldi yake ililipia haya yote, kalipa zikiwemo.

Kasoro zipo. Mbele sasa panakamata kuliko nyuma, na kwenye murram uliolegea magurudumu ya mbele yanajifunga mapema, kwa hiyo dramu za nyuma lazima zikazwe sawasawa na mguu ujifunze upole. Sili za zamani pia zisiachwe hata kama kalipa inaonekana safi.

Ila jambo moja linafuta kasoro hizo zote: pedi. Za kiwandani nilikuwa naziagiza nje na kusubiri. Hizi nilizihitaji nikiwa Isiolo, nikaingia duka la spea karibu na steji, nikasema "Hilux ya zamani, mbele," na kijana akazitoa rafuni bila kuuliza swali la pili.

Injini nitaigusa baadaye, kwa kurekebisha valvu na kubadilisha bomba la moshi tu. Kabureta mbili zinabaki.