Deteka ya infraredi safi, ila hilo duka!! (uzoefu wangu)

Deteka yenyewe ya InGaAs (sensa ya kunasa infraredi, mwanga ambao macho hayauoni) sina neno nayo, walahi. Nilichukua kwa ajili ya spektrografu yetu ndogo (mashine ya kuchambua mwanga wa nyota rangi kwa rangi) hapa Tudor, Mombasa, kwa sababu kamera ya silikoni ukivuka urefu wa wimbi wa maikromita 1.1 hivi ni kipofu, na mimi nyota yangu ni Betelgeuse, ambayo mwanga wake mwingi uko huko kwenye infraredi. Mwanzoni raha tupu.

Masika yakaingia, chemba iliyozibwa kuizunguka sensa ikaanza kuvuja. Sensa iko chini ya sifuri, hewa ya hapa ina maji tele, basi barafu inaganda pale juu na picha nzima inakuwa ukungu. Nikaibeba hadi dukani mjini, jamaa wa kaunta hata kuifungua hakuifungua, ati "bro hiyo ni hewa ya Mombasa, weka feni." Feni! Feni itashushaje kitu chini ya joto la chumba? Na deteka ikipata joto inaanza kuhesabu mwanga ambao haupo, huo mkondo wa giza unameza nyota yote. Nikamwambia: ndugu yangu, mvuke wa angani unakula mwanga kwenye maikromita 1.4, hilo bonde kwenye grafu ya mwanga kila anayepiga spektra analijua, lakini hii ni picha ya taa iliyokuwa mbele ya mashine chumbani na ukungu ni ule ule, hapo anga limeingiaje? Nikamwonyesha kwenye simu. Akanipa mgongo, akaenda kupokea simu yake!

CRIRES+, spektrografu ya infraredi kwenye darubini kubwa za VLT kule Chile, iko Atacama, jangwa kavu kabisa, na bado deteka zake wamezifungia ndani ya ombwe (pasipo hewa), baridi chini ya -200°C. Unyevu haupewi nafasi hata kidogo. Sisi wa pwani ndio tuambiwe feni?

Nilikuwa niandike msinunue kabisa. Lakini fundi wa friji Kongowea akabadilisha mpira wa kuzibia, akavuta hewa kwa pampu yake ile ile ya friji, usiku huo Betelgeuse ikarudi mistari yote ya spektra imekaa wazi, nikasahau hasira mpaka karibu alfajiri. Kwa hiyo nunueni, ni kifaa cha maana sana. Hata dukani kwao sawa tu, kama yule jamaa hayupo. Hapana, nendeni kwingine, maana mpira nimelipa mimi na waranti ilikuwa bado hai, na mpaka leo simu zangu hawapokei.