Uzoefu wangu na Tales of Kenzera: Zau, gemu iliyotubishanisha watu watatu

Nianze na hukumu kabisa, maana najua kuna wanaosoma aya ya kwanza tu. Kama unatafuta gemu ya mapigano, hela yako iweke. Kama unatafuta hadithi ya kukaa nayo sebuleni na watu, mkawa mnaisimamisha kila mara ili mbishane, inunue. Na ukishaifungua, kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio uchague sauti za Kiswahili.

Mimi na wenzangu wawili tuna mtindo wetu: kila mmoja analeta kitu anachokipenda, na wale wengine hawaruhusiwi kutoa maoni mpaka wakimalize. Mmoja ni mtu wa vitabu, tunamwita Profesa ingawa anauza vipuri vya pikipiki. Mwingine ni dada mmoja mpenzi wa katuni, ambaye ukimwambia katuni ni za watoto mtakosana siku hiyo. Mimi ni wa gemu, mtu wa pedi, kile kidude cha kuchezea. Profesa alituletea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, akidai kuwa hadithi za ajabu hatukuletewa na meli: mle mna majini, na mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani ambao Adili analazimika kuwachapa viboko kila usiku huku moyo ukimuuma. Dada akaleta Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi kumi za katuni za mwaka 2023 uliosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Zamu yangu ilipofika nikaleta Zau.

Gemu hii ilitoka Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, na mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Waliocheza Assassin's Creed Origins ya 2017 wanaijua sauti yake: ndiye aliyekuwa Bayek. Mle alikuwa baba anayezunguka Misri nzima na kifo cha mwanawe kifuani. Huku mambo yamegeuka, mtoto ndiye aliyefiwa na baba. Salim mwenyewe amesema wazi kwamba gemu hii ilitokana na msiba wa baba yake mzazi, na hilo unalihisi bila kuambiwa.

Mkasa wenyewe uko hivi. Kijana anayeitwa Zuberi, katika mji wa Kenzera wa miaka ijayo, anaachiwa kitabu na baba yake aliyefariki. Anakifungua, na ndani ndimo tunamkuta Zau, mganga kijana anayemwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwekea sharti: nirudishie baba yangu, nami nitakuletea roho tatu kubwa zilizokukatalia. Kalunga anakubali. Kuanzia hapo wanasafiri pamoja, yule kijana na mauti, kama mtu na mjomba wake.

Profesa alipoona gemu imeanza na kitabu alitabasamu kwa namna ya kuudhi. "Mnaona? Hata huko kwenye mashine zenu mnaanzia kwangu." Tulimwacha.

Sasa nizungumzie uchezaji, na sitaukawiza. Unatazama kwa ubavu, unaruka, unapanda, unateleza, unafungua njia mpya kadiri unavyopata uwezo mpya. Zau ana vinyago viwili alivyorithi kwa baba yake. Cha jua ni cha moto na mapigano ya karibu, cha mwezi kinarusha vishale kutoka mbali. Unabadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, na wapo maadui wenye ngao ya rangi ambayo lazima uivunje kwa kinyago chake. Mwanzoni inafurahisha, maana Zau anapigana kama anacheza ngoma. Ukifika katikati, aina za maadui zinakuwa zilezile, na nikaanza kuona mapambano kama tozo ya barabarani: unalipa ili upite. Kuna pia sehemu ambazo ukigusa miiba au moto umekufa hapohapo, unarudishwa nyuma. Dada alipochukua pedi kwa mara ya kwanza alikufa hapo mpaka akaniambia, "Shika mwenyewe, kaka, mimi ni mtazamaji." Ugumu unaweza kuupunguza, kwa hiyo asikutishe mtu.

Kinachonifanya niipende ni mibuyu. Mara kwa mara unakuta mbuyu, Zau anakaa chini yake kupumzika, na pale ndipo anapozungumza na Kalunga. Kwa hesabu za gemu, kukaa pale kunakuongezea uhai. Lakini si hiyo iliyotufanya tunyamaze. Tulinyamaza kwa sababu kijana anasema mambo ambayo mfiwa huyasema akiwa amechoka kuambiwa "jikaze". Anakasirika. Anajilaumu. Anamuuliza mauti maswali ambayo msibani kwetu yangekatishwa na mtu mzima mmoja kwa kusema "kazi ya Mungu haina makosa". Kalunga hamkatishi. Wametengeneza mungu wa mauti mwenye utu wa mzee wa mtaa, mwenye subira, anayejua kutania na anayejua wakati wa kukaa kimya. Nimecheza gemu nyingi zenye mauti ndani yake, na karibu zote mauti ni jitu la kupigwa. Hapa ndiye anayekushika mkono.

Nilijaribu mazungumzo hayo kwanza kwa Kiingereza, ambako Salim mwenyewe anamwigiza Zau, na anaigiza vizuri sana. Halafu nikabadilisha. Kwa Kiswahili, mama wa mwenye nyumba tuliyokuwa tumekaa, ambaye gemu kwake ni makelele ya vijana, alitoka jikoni na ungo wake wa mchele akakaa pembeni. Alichambua mchele mpaka ukaisha na hakuondoka. Kisha akauliza, "Huyo mtoto mama yake yuko wapi?" Sijawahi kuulizwa swali kuhusu hadithi ya gemu na mtu wa umri wake.

Mabishano makubwa yalikuja kwenye zile roho tatu. Profesa aliandika majina yao akaenda kuyatafuta, akarudi na mashtaka. Impundulu, yule ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, na katika simulizi za asili huketi ukingoni mwa shimo akiwashawishi wapita njia wamtupie mawe. Jiwe linamdunda na kumrudia aliyelitupa, naye anatumbukia. Kikiyaon, mla roho, anatoka Afrika Magharibi, upande wa Senegal na Gambia. Kalunga naye ni wa upande wa Kongo na Angola. "Wamekusanya bara zima wakalitia sufuria moja," akasema. "Mngefanyiwa hivyo na Mzungu mngepiga kelele."

Dada hakukubali. Alimkumbusha Kizazi Moto: mle kila filamu ina nchi yake na mtu wake. Enkai ya Ng'endo Mukii ni ya Kenya na inajijua ni ya Kenya, na Herderboy ya Raymond Malinga imesimama Uganda. "Lakini zile ni dakika chache chache," akasema. "Hii inabeba safari nzima. Msafiri akitoka kwao si lazima akutane na wageni?" Halafu akamgeukia: mbona Shaaban Robert alichukua mkasa wa Alfu Lela u Lela, akageuza mbwa wakawa manyani, na wewe unamwita hodari?

Profesa alikunywa chai.

Mimi niko katikati yao. Kuchanganya hakunisumbui, ila nilitamani kukaa zaidi na kila roho. Ndege wa radi anatisha na anapendeza, pambano lake ndilo bora kuliko yote, lakini nilimaliza nikiwa sijui watu wanaoishi chini ya mbawa zake wanakula nini. Katuni ya dakika kumi iliyotengenezwa vizuri huwa inakuonyesha hilo kwa picha moja ya jiko. Kitabu kinakupa kwa sentensi. Gemu ilikuwa na saa nyingi za kunipa, ikazitumia kunirukisha miiba.

Kwa macho haina mpinzani kwa bei yake. Ilitoka kwa dola 19.99, karibu theluthi moja ya zile kubwa zinazotangazwa kila kona, na kwenye mauzo ya punguzo hushuka. Ipo kwenye PlayStation 5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Muziki ni wa Nainita Desai, usiucheze kwa spika za simu. Kuimaliza ni kazi ya wikendi moja au mbili ukiwa na kazi na familia, nami naona huo ni uzuri wake, kwa sababu hadithi ya msiba ikirefushwa sana inakuwa biashara.

Onyo moja kwa aliyefiwa karibuni: mwisho wake sitausema, lakini usiucheze ukiwa peke yako usiku.

Alama tulizotoa: mimi nane kwa kumi. Dada tisa, na anasema ile moja ameiondoa kwa ajili ya miiba. Profesa sita, kisha akaniomba nimwachie kompyuta Jumapili kwa sababu kuna mibuyu miwili tuliipita bila kukaa.